Chujio la Intaneti Nyumbani: Lizuie Uchafu, Lisizuie Afya

(Mazungumzo na vijana, Temeke, Dar es Salaam)

 

Leo sikuja na kondomu, wala ile sanamu ya mbao mnayopenda kuicheka. Nimekuja kuzungumzia kiboksi. Kile kiboksi chenye vitaa vinavyopepesa, kimekaa juu ya kabati la runinga, au dirishani pale ambapo mtandao "unashika" vizuri. Ruta. Nyumba nyingi za mjini sasa wanayo. Mzee akishalipia bando la mwezi, simu zote za nyumbani zinanyonya humo humo: ya baba, ya mama, ya dada wa kazi, yako wewe, na ile tableti ya mdogo wako wa miaka minane anayeangalia katuni.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mtoto anaandika jina la katuni, anakosea herufi moja tu, na kwenye kioo linatokea jambo ambalo hata mtu mzima angegeuza uso. Mzee anapata habari. Jumamosi fundi anaitwa, anabonyeza bonyeza, anakunja elfu kumi yake anaondoka. Tangu siku hiyo kuna kurasa hazifunguki. Hakuna aliyeelezwa kitu. Wewe unadhani bando limekata.

Je, mzee kakosea? Mimi nasema hapana. Mtoto wa miaka minane hana sababu yoyote ya kukutana na picha za ngono, na kumkinga si ushamba wala si udikteta. Naunga mkono chujio nyumbani. Lakini nina sharti langu, na hilo sharti ndilo limenileta hapa. Nitalifikia. Kwanza tuelewane chujio lenyewe ni kitu gani, maana wengi wanaliogopa kama uchawi.

LINAFANYAJE KAZI?

Kila tovuti ina jina na ina namba. Wewe unalijua jina, lakini mashine zinatafutana kwa namba. Kwa hiyo kila unapofungua ukurasa, simu yako kwanza inauliza mahali: "Jamani, huyu namba yake ngapi?" Mahali hapo panaitwa DNS. Ni sawa na wewe kumpigia binamu yako kumwomba namba ya shangazi. Binamu akikupa, unapiga. Akisema "sina," habari imeishia hapo, japo shangazi yupo nyumbani kwake anakaanga samaki.

Chujio la kawaida la nyumbani ni kubadilisha tu huyo binamu. Badala ya kumwuliza yule aliyewekwa na kampuni ya simu, ruta inaambiwa imwulize mwingine, mwenye orodha ndefu ya tovuti za ngono, ambaye akiulizwa habari za hizo hatoi namba. Huduma za namna hii zipo, na ni za bure. Cloudflare wanayo ya kifamilia tangu Aprili 2020: namba zake ni 1.1.1.3 na ya akiba 1.0.0.3. OpenDNS wana FamilyShield: 208.67.222.123 na 208.67.220.123. CleanBrowsing nao: 185.228.168.168 na 185.228.169.168. Hawa wa mwisho ni wakali zaidi. Wanailazimisha Google na YouTube kukaa katika hali ya usalama, na wanafunga hata tovuti zenye mchanganyiko wa mambo, kama Reddit.

Kuweka si kazi. Geuza ruta chini juu utaona kibandiko chenye anuani, kwa kawaida 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1. Andika hiyo anuani kwenye kivinjari simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, weka neno la siri, tafuta palipoandikwa DNS, futa namba za zamani, weka mbili mpya, hifadhi, zima ruta uiwashe. Chai haijachemka umeshamaliza. (Sina ugomvi na mafundi, elfu kumi ni haki yao, lakini na wewe una macho.) Ukiwa humo ndani, badilisha na neno la siri la kiwandani, maana hilo kila mtu analijua.

Ruta nyingine zimefungwa na kampuni, sehemu ya DNS huwezi kuigusa. Basi fanya kwenye simu yenyewe. Simu ya Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Mle unaandika family.cloudflare-dns.com. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi hata simu ikiwa kwenye bando lake yenyewe, nje ya nyumba.

LISICHOWEZA

Chujio ni hodari kwa jambo moja: ajali. Herufi iliyokosewa. Yale matangazo yanayoruka usoni ukiwa unatafuta pa kuangalia mpira bila kulipa. Mtoto mdogo asiyejua anachokibonyeza. Hapo linafaa sana.

Kwa anayetafuta makusudi, linavuja. Sababu ni rahisi: chujio linaona jina la nyumba unayoingia, haliwezi kuona mnafanya nini chumbani. Linajua umekwenda WhatsApp. Halijui umetumiwa nini humo. Na nyie mnajua kuliko mimi kwamba kwetu hapa mambo haya hayaji kwa tovuti sana. Yanakuja kwa "koneksheni": mtu kavujishiwa video yake, saa mbili baadaye ipo kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya mtaa mzima. Chujio la mzee linatazama tu. Halafu kuna bando la jero ambalo halipiti kwenye ruta. Kuna simu ya rafiki. Kuna vivinjari vyenye binamu wao wenyewe wa kuuliza namba, wanamruka yule wa ruta. Kuna blogu iliyofunguliwa jana usiku ambayo haijaingia kwenye orodha ya mtu yeyote. Kaka zetu wa miaka ya tisini walikuwa na kanda za video walizoziita "pilau", zikiangaliwa chumbani mapazia yameshushwa. Intaneti haikuwepo, na chujio lisingewasaidia.

Kuna watu wamelipima jambo hili. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, Andrew Przybylski na Victoria Nash, walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana wa nchi za Ulaya. Walikuta kwamba ili chujio limzuie kijana mmoja tu asikutane na mambo ya ngono mtandaoni, ingebidi liwekwe kwenye nyumba kati ya 17 na 77. Isome tena hiyo. Nyumba 17, kwa hesabu ya huruma, kijana mmoja. Kwa hiyo mzazi anayefunga kiboksi halafu akajiona kamaliza malezi, huyo bado hajaanza. Pwani walikuwa na kungwi na somo, watu waliokaa na mwali wakamwambia mambo yalivyo. Ruta haiwezi kazi hiyo.

Najua kuna mmoja hapa moyoni anasema: "Mimi nina VPN." Haya. VPN ya bure maana yake umemkabidhi mtu usiyemjua barua zako zote azibebe, bila malipo, na wewe hujiulizi anakula nini. Halafu kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN hapa Tanzania wajisajili. Sikutishi, nakuambia tu ujue.

SASA SHARTI LANGU

Chujio lina kitu kama kitasa cha sauti ya redio. Unaweza kulilegeza, unaweza kulikaza. Fundi aliyeitwa na mzee mwenye hasira anakaza mpaka mwisho, kwa sababu anaona akikaza sana ndiyo kafanya kazi nzuri. Je, ni kweli?

Mwaka 2002 taasisi ya Kaiser ya Marekani ilifadhili uchunguzi uliochapishwa kwenye jarida la madaktari wa huko, JAMA. Walichukua programu za kuchuja zilizokuwa zikitumika mashuleni na kwenye maktaba, wakazijaribu kwa kurasa zaidi ya 3,000 za habari za afya, pamoja na kurasa za ngono. Chujio likiwa limelegezwa, lilizuia asilimia 87 ya kurasa za ngono, na likafunga kwa makosa asilimia 1.4 tu ya kurasa za afya. Likakazwa katikati: ngono asilimia 90, afya asilimia 5. Likakazwa mpaka mwisho: ngono asilimia 91. Na afya? Asilimia 24.

Umeiona? Kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kitasa wamepata nyongeza ya asilimia nne upande wa uchafu. Upande wa afya wamepoteza karibu robo ya kila kitu. Machujio ya leo si yale ya 2002, yameboreshwa, lakini kitasa bado kipo na mkono wa kukikaza bado upo.

Mashine haina akili ya kujua ziwa la kunyonyesha na ziwa la picha chafu. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwakatalia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kujiandikisha, kwa sababu ndani ya jina la mji wao zimo herufi nne zinazofanya tusi la Kiingereza. Mnacheka? Hebu mpe mashine ya namna hiyo tusi moja la Kiswahili la herufi nne, mwenyewe unalijua, uiamrishe ifunge kila palipo na herufi hizo. Itafunga "kumaliza". Itafunga "kumaanisha". Mwalimu wako wa Kiswahili ataonekana mhuni namba moja wa wilaya.

Basi hilo la kucheka tumecheka. Sasa sikiliza hili lisilochekesha.

Msichana wa miaka kumi na saba amelazimishwa na mtu anayemfahamu. Ni Ijumaa, saa nne usiku. Hawezi kumwambia mama, siku hiyo hawezi. Anachoweza ni kujifunika shuka na kuandika kwenye simu maneno yale anayoyaogopa, moja baada ya lingine. Ukurasa haufunguki. Anajaribu mwingine, haufunguki. Anafikiri ni yeye kaandika vibaya. Anafikiri pengine mzee ataona. Anazima simu.

Saa zinakwenda. Dawa za kumkinga mtu asipate virusi vya UKIMWI baada ya tukio kama hilo, ziitwazo PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Halafu zinamezwa kwa siku 28. Ijumaa saa nne usiku ukihesabu saa 72 unafika Jumatatu saa nne usiku. Baada ya hapo mlango umefungwa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vinasaidia hadi siku tano, lakini kila siku inayopita nguvu yake inapungua. Ile habari aliyokuwa akiitafuta ni mistari mitatu tu. Nimeshaisema yote hapa kwa nusu dakika. Imezuiwa na kiboksi kilichowekwa kumlinda yeye.

Na wewe unayesoma, usisubiri ukurasa ufunguke. Likikupata hilo, au likimpata mwenzako wa kiume au wa kike, nenda hospitali usiku huo huo. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono kwenye baadhi ya hospitali, lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na ipo namba 116, simu kwa mtoto, kupiga ni bure na haihitaji bando. Kenya nako ni 116.

Ndiyo maana nasema chujio ndiyo, ila lipimwe. Likiwekwa tu, siku hiyo hiyo, mtu akae na simu afungue kurasa za afya moja moja: hedhi, uzazi wa mpango, kisonono, PEP, kupima VVU, uvimbe kwenye matiti, mabadiliko ya mwili wa mvulana. Shirika la Afya Duniani linafunguka? UNICEF je? Wizara ya Afya? Kama hazifunguki, chujio hilo limekazwa vibaya, lilegezwe au libadilishwe. Zipo huduma kama NextDNS ambazo unachagua mwenyewe aina za tovuti za kuzuia na zile za kuruhusu daima, na ni bure hadi maulizo 300,000 kwa mwezi. Humo unaweza kufunga hata kamari, na kwa jinsi vijana wanavyobeti nauli ya shule, naona nyumba nyingine zingeanzia hapo.

Ila huduma hizo zinaweza kutunza kumbukumbu: nyumba hii ilifungua nini, saa ngapi. Hapa nasema na wazazi watakaosoma. Kuchuja ni jambo moja, kuchungulia ni jingine. Nyumba ina watu wengi. Pengine shangazi aliyekuja kukaa nanyi anameza ARV na hajamwambia mtu, na kila usiku anasoma habari zake. Pengine binti anatafuta kliniki. Siku shemeji mwenye neno la siri la ruta atakapoamua kupitia orodha hiyo, siri ya mtu itakuwa mezani na wali. Ile kumbukumbu inazimika kwenye mipangilio. Izimwe.

UTAMWAMBIAJE MZEE?

Hili ndilo gumu, najua. Ukisema "baba, mbona umefunga intaneti," jibu lake unalijua kabla hujamaliza. Usianzie hapo. Anzia kwa mdogo wako. "Shikamoo baba. Naona umeweka kinga kwa ajili ya Juma, umefanya vizuri. Lakini ukurasa wa wizara juu ya malaria nao umefungwa, na kazi ya Biolojia ya dada imekwama. Naomba tukae tuangalie pamoja." Umeona? Hukutaja ngono. Umetaja Biolojia, na hukudanganya, kwa sababu mfumo wa uzazi uko kwenye Biolojia ya sekondari. Mengine mtayafikia mkiwa mmekaa.

Wewe una faida moja ambayo mzee hana: zile menyu za Kiingereza unazielewa. Jitolee uwe fundi wa nyumba. Mkubaliane pamoja, na mdogo akiwepo: tableti ya mtoto ikazwe, hiyo haina mjadala. Ruta iwe ya wastani. Simu za wakubwa na za nyie mlio sekondari zijadiliwe, kila mtu ajue kilichofungwa ni nini, na mtu akikutana na ukurasa wa maana uliofungwa aseme bila kuulizwa "ulikuwa unatafuta nini wewe?" Kama mzee hataki kabisa kusikia, mpitie mama, au baba mdogo. Kila nyumba ina mlango wake wa nyuma wa maneno.

Na wasichana, ninyi nawajua. Simu nyingi mnaazima kwa kaka. Kwako wewe chujio si tatizo kubwa kama historia ya kivinjari, ambayo kaka ataisoma kesho. Tumia dirisha la siri la kivinjari, au futa historia kabla hujairudisha simu.

NA WEWE ULIYEZOEA?

Nilipitisha karatasi za maswali, zisizo na majina. Karatasi nne zinauliza jambo moja: "Naangalia hizo video kila siku, nifanyeje niache?" Jamani, wa kwanza kuuliza si wewe. Kwanza ujue unachokitazama: ni watu wanaigiza kwa malipo, wamechaguliwa kwa maumbile yao, kamera inakatwa na kuunganishwa, na kondomu mara nyingi huioni. Si shule. Anayejifunzia mapenzi humo ataumia na atamuumiza mwenzake.

Chujio aliloweka mzee utalitafutia njia, hilo halina ubishi, kwa sababu umewekewa. Lile unaloliweka mwenyewe kwenye simu yako, kwa mkono wako, mchana ukiwa na akili timamu, ni kitu kingine. Usiku utakapotaka kulitoa itabidi uingie kwenye mipangilio, ushuke, utafute, ubonyeze. Ni dakika moja. Wengine dakika hiyo inawatosha kuamua kulala. Wengine haiwatoshi, na hao naomba wasibaki na aibu yao peke yao: kliniki zenye huduma rafiki kwa vijana zinazungumza na watu juu ya hili bila kushangaa. Simu ibaki sebuleni inachaji, mlango wa chumba ukiwa wazi, hiyo nayo ni chujio na haina namba za kukariri.

Nimesema sana, na naona mikono imeshaanza kuinuka huko nyuma. Mwenye kaptura ya bluu, wewe umeinua tangu niliposema VPN. Subiri kidogo. Dada mwenye kitenge, anza wewe.